Kabla Hujasema "Hawaelewi", Soma Kwanza Maelekezo Yako

Kuna maneno ambayo sisi tunaosomea ualimu tunaonywa tusiyatumie darasani, lakini yanatutoka kila siku: "Mimi nimeshaeleza, wao ndio hawaelewi." Makala hii inayapinga maneno hayo. Na ushahidi wangu siuleti kutoka kwenye vitini vya saikolojia ya elimu ambavyo wote tumevikariri kwa ajili ya UE. Nauleta kutoka kwenye kroshia.

Ndiyo, kroshia. Sindano moja yenye kikulabu mbele, uzi, na mikono yako.

Msicheke. Kwa wazazi wetu kroshia ilikuwa vile vitambaa vyeupe vya kwenye makochi, na kingine juu ya redio. Sasa hivi ukipita hosteli utakuta watu wanafuma kofia, pochi, vitop, midoli ya watoto na masweta. Ikifika Juni, baridi ikianza kushuka kutoka mlimani, sweta la mtoto halihitaji matangazo, iwe Moshi mjini au huko juu Marangu, Machame na Kibosho. Kwa mwanachuo ambaye boom limeisha na wiki bado ni ndefu, hiyo ni hela halali kabisa. Kwa hiyo ninaposema pateni ikieleweka vibaya kuna hasara, namaanisha hasara ya kweli: uzi uliolipiwa, siku tatu za kazi na mteja aliyeondoka.

Na pateni zinaeleweka vibaya sana. Mtu anapakua maelekezo kwenye simu, anafuata mstari kwa mstari, kofia inatoka kama bakuli au sweta la mtoto wa miaka sita linamtosha wa miaka mitatu. Halafu anasema, "Mimi kroshia siiwezi." Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi kwenye kikundi chetu kidogo cha kufuma hapa chuoni, na kila tulipokaa chini tukarudia pateni polepole, mara nyingi tatizo halikuwa mikono ya mtu. Lilikuwa kwenye karatasi. Twende taratibu, niwaonyeshe.

La kwanza ni majina. Pateni nyingi tunazopata zimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kina mifumo miwili ya kroshia: wa Marekani na wa Uingereza. Mifumo hii inatumia maneno yaleyale kwa vitu tofauti. Ile stichi fupi kabisa, Mmarekani anaiita "single crochet". Mwingereza anaiita "double crochet". Ile ndefu kidogo, Mmarekani anaiita "double crochet", Mwingereza anaiita "treble". Kwa hiyo ukiona kifupi "dc" peke yake kwenye pateni, bado hujaambiwa kitu. Kinaweza kuwa stichi fupi, kinaweza kuwa ndefu. Sweta la kwa dc ya Mmarekani na sweta la kwa dc ya Mwingereza ni masweta mawili tofauti kwa urefu, kwa uzito na kwa kiasi cha uzi unaokula.

Sisi Waswahili hatupaswi kushangaa, maana tuna saa zetu. Mwambie mgeni kutoka Ulaya "tukutane saa mbili asubuhi" na umtafsirie neno kwa neno, atakuja usiku wa manane au hatakuja kabisa. Si kwamba hajui kuhesabu. Yeye anahesabu kuanzia usiku wa manane, wewe unahesabu kuanzia alfajiri. Kila mmoja yuko sahihi ndani ya mfumo wake, na kosa ni kutosema unatumia mfumo upi.

Kuna njia rahisi ya kukumbuka. Jina la Mmarekani linalingana na mara ngapi unavuta uzi kupita kwenye vitanzi ili kuimaliza stichi: mara moja, mara mbili, mara tatu. Jina la Mwingereza linalingana na vitanzi vingapi viko kwenye sindano kabla hujaanza kuimaliza: viwili, vitatu, vinne. Ukilijua hilo, ile tofauti ya hatua moja kati yao inaeleweka. Na kama pateni haisemi ni ya nani, tafuta neno "single crochet" ndani yake. Ukilikuta, karibu kila mara ni ya Kimarekani, kwa sababu mfumo wa Uingereza wa leo haulitumii.

La pili ni hesabu ambayo mwandishi anaidhania wewe unaijua. Chukua mfano huu: "Fuma mnyororo wa 23. Weka stichi ndefu kwenye mnyororo wa 4 kutoka kwenye sindano, kisha kwenye kila mnyororo hadi mwisho." Ukimaliza una stichi ngapi? Anayeanza atasema 23. Mwingine atatoa ile 3 aliyoiruka, atasema 20. Jibu la mwandishi ni 21, kwa sababu ile minyororo 3 ya mwanzo imesimama wima na inahesabiwa kuwa ni stichi ndefu ya kwanza. Lakini ukifuma kwa stichi fupi, mnyororo mmoja unaouruka mwanzoni kwa kawaida hauhesabiwi: mnyororo wa 21 unakupa stichi 20 kamili. Kanuni mbili tofauti, na pateni nyingi hazisemi lolote. Halafu mstari wa pili unakuja haulingani, unafumua, unaanza upya.

La tatu ni alama. Nyota kwenye pateni ina maana "anzia hapa kurudia". Sasa soma: "*stichi moja, kisha mbili mahali pamoja, rudia kutoka * mara 5." Je, ni mara 5 kwa jumla, au ufanye mara moja halafu urudie nyingine 5, zikiwa 6? Kwa desturi ya waandishi wengi ni 6, lakini wapo wanaoandika wakimaanisha jumla. Na mabano nayo yana kazi zaidi ya moja. Ukikuta "60 (66, 72)", hizo ni saizi: ndogo, ya kati, kubwa. Ukikuta mabano yenye stichi kadhaa ndani yake, maana yake zote zinaingia kwenye tundu moja. Alama ileile, ukurasa uleule, maana mbili.

La nne ni vipimo. Sindano ya milimita 4 kwa Mmarekani ni G-6, na kwa namba za zamani za Uingereza ni 8. Ya milimita 5 kwa Mmarekani ni H-8, na kwa namba za zamani za Uingereza ni 6. Angalieni wenyewe: "namba 8" inaweza kuwa sindano mbili tofauti, na kwa Uingereza ya zamani namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Kipimo pekee kisichodanganya ni milimita.

Na hata sindano ikiwa sahihi, bado kuna mkono. Tuseme pateni imeandikwa kwa mkono unaotoa stichi 16 kwa kila sentimita 10, na kifua cha sweta ni sentimita 80. Hapo unahitaji stichi 128. Kama mkono wako unakaza uzi na unatoa stichi 20 kwa sentimita 10, stichi hizohizo 128 zitakupa sentimita 64. Umefuata kila kitu na sweta limepungua sentimita 16. Ndiyo maana mafundi wanafuma kipande kidogo cha majaribio kwanza. Ni dakika kumi au kumi na tano, na pateni nyingi huliweka jambo hilo kwenye mstari mmoja mdogo ambao kila mtu anauruka.

Sasa, tunatokaje hapo? Msaada mkubwa niliouona ni hesabu ya darasa la sita. Rudi kwenye ile nyota. Mzunguko uliopita ulikuwa na stichi 12. Kila unaporudia, unatumia stichi 2 za chini na unapata 3 za juu. Stichi 12 ukigawa kwa 2 ni mara 6. Mara 6 zidisha kwa 3 ni 18. Basi, utata umeisha: ni mara 6 kwa jumla. Ukifanya mara 5 tu utakuwa na 15 juu na 2 za chini zitabaki bila kazi. Huhitaji kujua Kiingereza cha mwandishi kilikuwa na maana gani, hesabu imekuambia.

Njia ya pili nilifundishwa na bibi mmoja wa Kibosho, ambaye anafuma vitambaa na hajawahi kusoma pateni yoyote. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya kitambaa nilichokuwa nakihangaikia.

"Shikamoo bibi. Hiki unaweza kunielekeza?"

"Marahaba. Maandishi ya nini? Nipe picha tu." Akaikuza kwa vidole viwili, akaanza kuhesabu kutoka katikati kwenda nje. "Sita. Kumi na mbili. Hapa ameruka tundu moja, hapa ameweka mbili pamoja. Kitambaa hakifichi kitu mjukuu wangu, ukijua kukihesabu."

Yeye anasoma kazi yenyewe, hasomi maelezo ya kazi. Wajapani wameliona hilo kwa namna yao: vitabu vyao vingi vya kroshia hutumia michoro. Kila stichi ina alama yake, alama zimekubaliwa kitaifa, na mchoro unafanana na kitu kitakachotokea. Mtu asiyejua neno moja la Kijapani anaweza kufuma kutoka kwenye kitabu cha Kijapani.

Najua kuna wenzangu wana majibu tayari. Wa kwanza watasema: kama bibi hakuhitaji maandishi, sisi tunayahitaji ya nini? Nenda ukakae naye, uangalie mikono. Nakubali kwamba kuangalia mikono ndiyo njia bora ya kuanza. Lakini bibi ni mmoja na wanaotaka kujifunza ni wengi, na kijana wa Same au Mpanda hawezi kuja kukaa kihambani Kibosho. Maandishi yanafika pale ambapo mkono haufiki. Video nazo ni nzuri, ila zinakula bando, na ukitaka kujua mzunguko wa 14 una stichi ngapi inabidi urudishe nyuma mara nane.

Wa pili watasema: tatizo ni Kiingereza tu, mjifunze Kiingereza. Hapa sikubaliani. Angalieni tena mifano yangu. "Dc" inamchanganya Mwingereza aliyezaliwa London akisoma pateni ya Chicago. Nyota inamchanganya yeyote. Mnyororo usiosemwa kama unahesabiwa unamchanganya hata mwenye lugha yake. Kiingereza kinaongeza ugumu kwetu, hilo sikatai, lakini ukitafsiri maelekezo mabovu kwa Kiswahili fasaha unapata maelekezo mabovu ya Kiswahili fasaha.

Na hapa ndipo ninapotaka tufike, sisi wa elimu. Wakati wa BTP kwenye shule moja ya sekondari huku mlimani, niliona mtihani wa ndani ulioandikwa kwamba mwanafunzi ajibu maswali matatu kutoka sehemu C, na kwamba swali la 11 ni la lazima. Nusu ya darasa walijibu matatu, la 11 likiwa mojawapo. Nusu nyingine walijibu la 11 na mengine matatu juu yake, wakakosa muda wa kumalizia. Ofisini nikasikia: "Hawa watoto hawajui Kiingereza." Jamani! Watoto walisoma vizuri. Sentensi ile ilikuwa na maana mbili, kama ile nyota ya kwenye pateni, na walioiandika hawakuiona kwa sababu wao walishajua jibu. Kuongeza maneno manne, "jumla ya majibu matatu", kungetosha.

Anayejua kitu haoni mashimo ya maelezo yake mwenyewe, kwa sababu anayaziba kichwani bila kujijua. Ndivyo ilivyo kwa mwandishi wa pateni aliyefuma miaka ishirini, na ndivyo itakavyokuwa kwetu tukishika chaki. Na wakati huu jambo lina uzito zaidi. Tangu toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, elimu ya sekondari ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Maana yake kuna vijana watakaofundishwa kazi za mikono, ushonaji ukiwemo, na kazi ya mikono inafundishwa kwa maelekezo ya hatua kwa hatua. Kwenye somo la historia, maelezo mabovu yanaweza kujificha mpaka siku ya mtihani. Kwenye amali yanaonekana mchana huohuo, kitambaa kimekatwa vibaya na hakirudi. Tukiingia huko na ile tabia ya "nimeshaeleza", tutaharibu vitambaa na tutawaharibu watoto, maana mtoto aliyeambiwa mara tatu kwamba haelewi huishia kuamini.

Mapendekezo yangu ni haya, na hayahitaji bajeti.

Kwanza, tuweke majina ya Kiswahili na tuyaeleze. Kwenye kikundi chetu tunatumia mnyororo, stichi fupi, nusu ndefu, ndefu na ndefu sana, na kila jina tumeliandikia sentensi moja inayosema unazungusha uzi mara ngapi na unavuta mara ngapi. Siyo lazima haya ndiyo yawe majina ya taifa. Mafundi wa mjini wana yao, na yakusanywe. Lakini nchi ambayo ilikuwa na kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990 haiwezi kushindwa kuipa jina stichi ya kroshia. BAKITA wapo, na kwenye chuo chetu wapo wanaosomea Kiswahili wanaotafuta mada ya utafiti. Mada ndiyo hiyo.

Pili, kila anayeandika au kusambaza pateni kwenye magrupu yetu aweke juu kabisa mambo matatu: majina ni ya mfumo gani, sindano ni milimita ngapi, na stichi ngapi zinatoa sentimita 10.

Tatu, kila mstari uishie na idadi. Hii ndiyo muhimu kuliko zote. Tazama kitambaa kidogo cha kuwekea kikombe, kwa stichi fupi:

Mzunguko wa 1: stichi 6 ndani ya kitanzi cha mwanzo. Jumla 6.
Mzunguko wa 2: kwenye kila stichi weka mbili. Jumla 12.
Mzunguko wa 3: weka moja, inayofuata weka mbili, fanya hivyo mara 6 kwa jumla. Jumla 18.
Mzunguko wa 4: weka moja, moja, kisha mbili, fanya hivyo mara 6 kwa jumla. Jumla 24.

Mtu akifika mzunguko wa 3 na ana 17, anajua palepale. Hasubiri kitambaa kikunjike ndipo ajilaumu. Na wa hisabati wataona kitu kingine: kwa stichi fupi, ukiongeza takribani 6 kila mzunguko kitambaa kinalala bapa, ukiongeza pungufu kinageuka kofia, ukizidisha sana kinafanya mawimbi. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina, wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alitumia mawimbi hayohayo ya kroshia kuwaonyesha wanafunzi wake jiometri ya haipaboliki, ambayo ni ngumu kuichora kwenye karatasi. Kwa hiyo anayesema kroshia ni mambo ya mama wa nyumbani aongee na idara ya hisabati kwanza.

Nne, mpe mtu mwingine ajaribu kabla hujasambaza. Asiwe fundi mwenzako. Awe mtu anayeanza, na wewe ukae kimya. Pale anaposita, hapo ndipo pa kuandika upya. Usimwelekeze kwa mdomo, kwa sababu hutakuwepo kwa msomaji wa pili. Njia hii inafaa kwa pateni, kwa swali la mtihani, kwa tangazo la ofisi ya mikopo na kwa ile karatasi ya utaratibu wa usajili iliyobandikwa ukutani, ambayo kila Oktoba tunakuta foleni ya watu wakiulizana maana yake.

Mwanafunzi mvivu yupo, wala simtetei. Yupo anayeruka mistari, yupo asiyesoma kabisa. Lakini utamjuaje, kama maelekezo yenyewe yana maana mbili? Sahihisha kwanza karatasi yako, ndipo uwe na haki ya kupima mtu kwa karatasi hiyo. Kinyume chake ni kumtoza mteja nauli ya basi ambalo hukumwambia linaondoka saa ngapi, kwa saa za nani.

Kikundi chetu kinakutana Jumamosi jioni kwenye viti vya nje karibu na kantini. Anayeandika pateni yake kwa Kiswahili aje nayo, tutamtafutia mtu asiyejua kroshia wa kumjaribia. Na anayedhani hawezi kufuma aje na ile pateni iliyomshinda, aje na uzi uliobaki. Tutaanza kwa kuhesabu.